Maskati hadi Salalah kwa gari: maajabu ya njiani, na bi mkubwa mwenye sukari

"Assalaam alaykum. Mimi niko Wete. Mwezi wa nane, inshallah, tunakwenda Omani kumtembelea mama mdogo: mimi, mama yangu mzazi na watoto wangu wawili wa skuli. Mama ana miaka 68, ana sukari na anapiga sindano ya insulini. Kijana wa mama mdogo anataka kutuchukua kwa gari lake kutoka Maskati hadi Salalah tukaone kharifu, ule msimu wa ukungu na kijani. Anasema njiani kuna maajabu: kilima kinachovuta magari yakapanda yenyewe, shimo lililochimbwa na nyota iliyoanguka, na mji uliomezwa na ardhi. Jirani yangu aliyewahi kuishi kule anasema hakuna lolote, ni mchanga mtupu na ngamia, na kile kilima ni cha majini, watoto wasipelekwe. Tumsikilize nani? Na safari hiyo mama ataiweza?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Maswali yako ni mawili lakini yana mzizi mmoja, nao ni masafa. Kwa njia ya bara, Maskati hadi Salalah ni kama kilomita 1,000. Kisiwa chetu cha Pemba, ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini, ni kilomita 67 hivi. Sisi tunaoita Wete hadi Mkoani safari hatuna kipimo cha masafa kama hayo mwilini, na wageni wengi kutoka kwetu huyakubali mezani kwa sababu kwenye ramani ni mstari mmoja tu ulionyooka. Ni saa kumi hadi kumi na mbili za kuendesha, bila kuhesabu kula wala kusali.

Kijana wenu na jirani yako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameona kipande chake. Maajabu yapo, lakini yamejikusanya kwenye ncha mbili: upande wa Maskati na Nizwa, na upande wa Dhofar, jimbo la kusini lenye Salalah. Katikati, baada ya mji wa Adam mpaka karibu na Thumrait, kuna kilomita mia saba ambazo mtu asiyejua anachokitazama ataapa hakuona kitu. Shauri langu, nalitoa mapema ili usome mengine ukiwa umetulia: nyinyi na watoto nendeni kwa gari, kwa siku mbili na si moja. Bi mkubwa apande ndege pamoja na mama mdogo, ni kama saa moja na nusu tu angani, mkutane Salalah. Kilima, ubani, mashimo na makaburi marefu atayaona huko huko pamoja nanyi, bila kupita jangwa la Agosti.

Nianze na kilima, maana ndicho kilichoingiza hofu nyumbani.

Kiko mashariki ya Salalah, upande wa Mirbat, kwenye barabara inayoacha pwani na kupanda kuelekea Tawi Atair, penye shimo kubwa la chokaa. Dereva husimamisha gari mahali panapoonekana wazi kuwa ni chini ya mwinuko, huweka gia huru na kuachia breki. Gari hutulia kidogo, kisha magurudumu huanza kuzunguka taratibu, na gari huondoka kuelekea kule ambako macho yote yaliyomo ndani yanaona ni juu. Mara ya kwanza mwili husisimka, hata kwa anayejua sababu. Mahujaji wetu wanaijua hali hii, kwani wengi hupelekwa nje kidogo ya Madina kwenye bonde ambalo watu wameliita Wadi al-Jinn, na huko magari hufanya vivyo hivyo. Karibu zaidi, kule Kyamwilu, Machakos nchini Kenya, watu humwaga maji barabarani wayatazame "yakipanda". Sehemu za namna hii ziko nyingi duniani, na kila zilipo watu wamezitafutia sababu ama ya majini ama ya sumaku.

Majini yamo katika imani yetu na sikusudii kuligusa hilo. Ninachosema ni kwamba gari hili halihitaji jini. Linateremka. Barabara pale ni mteremko mdogo, na kinachodanganywa ni jicho.

Jicho haliwezi kupima mteremko peke yake. Linalinganisha barabara na vitu vilivyo karibu: mstari wa mbali ambapo mbingu inakutana na ardhi, miti, nguzo, na kipande cha barabara kilichotangulia. Baharini au Kigomasha unapoutazama mstari ule wa mbali hudanganyiki, kwa sababu uko sawa siku zote. Kwenye vilima vya Dhofar mstari huo umefichwa na miinuko, na miinuko yenyewe imeinama. Sasa chukua barabara inayoshuka kwa ukali, halafu ikaendelea kushuka kwa upole, halafu ikashuka tena kwa ukali. Kile kipande cha katikati, kikilinganishwa na vya jirani, kinaonekana kimeinuka. Viungo vya ndani ya sikio vinavyotuambia tumeinama au tumenyooka havina ukali wa kugundua mteremko mdogo hivyo tukiwa tumeketi kwenye kiti cha gari, kwa hiyo vinaliachia jicho liamue. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Italia walitengeneza vielelezo vidogo vya barabara juu ya meza, wakawaonyesha watu kupitia tundu, na watu wakaita mteremko mlima kwa kubadilishwa tu vipande vya jirani na mstari wa mbali. Hapakuwa na sumaku yoyote mezani pale.

Kwa hiyo watoto wapelekwe, tena wapelekwe na vifaa. Chukueni chungwa na pima maji, ile ya fundi wa kujengea. Chungwa halivutwi na sumaku, na likiwekwa kwenye lami litabiringika upande ule ule uliokwenda gari. Kisha mtoto alaze pima maji barabarani atazame kile kipovu: kitakimbilia upande ambao macho yake yanaona ni chini, maana kipovu siku zote hukimbilia juu. Simu nyingi nazo zina pima maji ndani yake. Maji ya kumwaga peke yake hayatoshi, kwa sababu yatafuata njia ya gari na jicho lililokwisha kudanganywa litasema yamepanda. Mtoto aliyeona kipovu kile akaamini chombo kuliko macho yake ameondoka na somo ambalo sijui skuli gani ingelifundisha vizuri zaidi.

Kitu kimoja tu ndicho cha kuogopa pale, nacho ni magari mengine. Ile ni barabara inayotumika. Injini isizimwe, kwa sababu ikizimwa usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza nguvu. Mtu mzima mmoja asimame kando akitazama nyuma, na watoto wafanye majaribio yao pembeni, wakati hakuna gari linalokuja. Siku ya ukungu mkubwa msifanye kabisa.

Shimo la nyota, dada yangu, haliko kwenye njia ya Salalah. Kijana wenu amelichanganya, au ameliweka kwenye orodha kwa hamu tu. Linaitwa Hawiyat Najm, liko kwenye barabara ya pwani kati ya Quriyat na Sur, na linahitaji siku yake peke yake mkitokea Maskati. Lipeni siku hiyo, kwa sababu shimo ni zuri kweli: mdomo mpana, kina cha mita ishirini hivi, na chini maji ya kijani yanayong'aa. Ngazi za kushukia zipo.

Nyota haikuanguka pale. Ule ni mwamba wa chokaa, na chokaa huliwa na maji. Mvua inapopita hewani na udongoni hubeba hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka ukali huo huchimba mapango chini kwa chini. Siku paa la pango likishindwa kujibeba, linaporomoka, na linabaki tundu. Mtu wa visiwani hana haja ya kusadikishwa hili. Pango la Mangapwani na mapango yenye maji ya Jambiani na Makunduchi yamechimbwa kwa kazi hiyo hiyo, ndani ya mawe yetu ya matumbawe ambayo nayo ni chokaa. Maji ya Hawiyat Najm yana ladha ya chumvi kidogo, kwa kuwa bahari iko karibu na hupenya chini ya mwamba, kama inavyopenya kwenye visima vya vijiji vyetu vya pwani. Waambieni watoto waonje.

Mkiwa upande huo, endeleeni mpaka Qalhat. Ni magofu ya mji wa bandari, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, na kilichobaki kimesimama ni kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa Kilwa, alifika pia Qalhat na akaandika habari za bibi huyo na msikiti aliojenga. Kutoka Kilwa alivuka bahari mpaka Dhofar, mwambao huo huo mnaouendea nyinyi.

Na kabla hamjatoka Maskati, wapitisheni watoto Riyam, karibu na Mutrah, wakaone chetezo. Ni jengo jeupe lenye umbo la chetezo, limesimama juu ya mwamba na linaonekana kutoka barabara ya pwani. Kwa nyumba zetu zilizozoea kufukizwa ubani, halihitaji maelezo.

Sasa njia yenyewe. Asubuhi ya kwanza ondokeni mara baada ya alfajiri. Nizwa ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili. Ngome yake yenye mnara mpana wa duara ni ya karne ya 17, na jirani yake kuna soko na halua ambayo mtu wa Wete atataka kuipima kwa halua ya kwao. Msishangae mkisalimiwa kwa Kiswahili. Familia nyingi za Nizwa, Ibra na Maskati zina mguu Unguja na Pemba, na lugha haijawatoka. Baada ya Nizwa ni Adam, mji mdogo wenye mitende, alikozaliwa Imamu Ahmad bin Said, babu wa ukoo wa Al Busaid uliotawala Omani na baadaye Unguja. Hapo jazeni tangi. Mbele yake mitende inakwisha.

Jirani yako alisema mchanga mtupu. Hata huo mchanga hautauona sana. Matuta makubwa yako magharibi, kwenye jangwa la Rub al-Khali, na mengine mashariki huko Sharqiya. Barabara ya Salalah inapita juu ya uwanda wa changarawe na mawe, tambarare kiasi kwamba mtu anashindwa kukadiria umbali wa lori lililo mbele yake. Uwanda huo, Jiddat al-Harasis, ndio ninaoupenda kuliko sehemu nyingine zote za njia hii, na ndio watu wanaolala usingizi wakiuvuka.

Watoto waambieni watazame lami mbele yao ifikapo saa nne asubuhi. Wataona maji yametanda barabarani, yenye kumeremeta, na gari likikaribia yanasogea mbele. Ni mazigazi. Lami iliyochomwa na jua huipasha hewa iliyo karibu nayo, na mwanga wa mbingu ukipita kutoka hewa ya baridi kwenda hewa ya moto hupinda ukarudi juu. Kile mtoto anachokiona kama dimbwi ni kipande cha mbingu. Simamisheni gari mahali pa usalama, achuchumae kisha asimame, dimbwi litabadilika urefu mbele ya macho yake.

Kwenye uwanda huu ndiko choroa mweupe wa Arabuni, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu, alikomalizwa na wawindaji mwaka 1972, na ndiko alikorudishwa mwaka 1982 kutokana na wanyama waliokuwa wamefugwa nje. Hifadhi yake iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994 na ikaondolewa mwaka 2007, ya kwanza duniani kuondolewa, baada ya eneo lake kupunguzwa sana na wanyama kupungua. Linaniuma kila ninapolieleza. Waliopo leo wanalindwa ndani ya uzio, mashariki ya Haima, na kuwafikia kunataka mpango wa mapema, kwa hiyo msilazimishe safari hii.

Mawe meusi yaliyotawanyika juu ya changarawe nyeupe nayo yana habari. Uwanda huu ni miongoni mwa sehemu zilizotoa vimondo vingi duniani, pamoja na vilivyotoka mwezini na kwenye sayari ya Mirihi. Hakuna vinavyoanguka hapo zaidi ya kwingine. Sababu ni ukame unaovihifadhi, na ardhi nyeupe na tupu inayovionyesha. Watoto watataka kuokota. Watazame, wapige picha, waache pale pale. Sheria ya Omani hairuhusu kuvibeba nje ya nchi bila kibali, na kuna wageni waliokamatwa kwa jambo hilo.

Lala Haima. Ni mji wa barabarani hasa, wenye malazi ya kawaida, mafuta, chakula na hospitali, na uko katikati ya njia. Wengi watamwambia kijana wenu kuwa kulala Haima ni kupoteza pesa, kwa kuwa Salalah inafikika siku hiyo hiyo. Inafikika, kweli. Lakini usiku ngamia hulala na kuvuka barabarani. Wote wana wenyewe, hakuna ngamia wa mwituni pale, ila hawafungwi. Ngamia ana miguu mirefu, kwa hiyo gari dogo likimgonga humkata miguu na mwili wake wote huingia kwa kioo cha mbele. Rangi yake usiku ni rangi ya ardhi. Kuna kingine kibaya kuliko ngamia, nacho ni usingizi: barabara iliyonyooka, mbingu isiyobadilika, injini isiyobadilisha mlio. Akili hulala macho yakiwa wazi. Barabara hii imekuwa ikipanuliwa kwa vipande, na palipobaki njia moja kila upande, kusinzia kidogo tu kunamkutanisha mtu na lori uso kwa uso. Ndiyo maana nasema siku mbili, na gari liwe limeegeshwa kabla ya magharibi.

Mji uliomezwa na ardhi ni Shisr, nje ya barabara kuu, kaskazini-magharibi ya Thumrait. Mwaka 1992 ilitangazwa kuwa ndiyo Ubar, mji uliopotea wa hadithi za kale, baada ya picha zilizopigwa kutoka angani kuonyesha alama za njia za kale za misafara zikikutana hapo. Watu wakaiunganisha na Iram iliyotajwa katika Qur'ani. Wanavyuoni wa mambo ya kale wengi hawakubali kwamba ndiyo, na mimi sitakwambia ndiyo. Lililo wazi ni kwamba palikuwa na ngome ndogo juu ya kisima, kisima kimo ndani ya pango la chokaa, na paa la pango likaporomoka likashuka na kipande cha ngome. Mmeshaijua kazi hiyo kule Hawiyat Najm. Pamoja na bonde la Wadi Dawkah na magofu ya bandari za kale za Khor Rori na Al-Baleed, Shisr imo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ni magofu madogo, hayana nguzo ndefu za kutazamwa. Kwa watoto waliochoka na safari ya siku mbili, mimi ningeipita.

Wadi Dawkah msiipite. Iko ubavuni mwa barabara, kilomita arobaini hivi kabla ya Salalah, bonde kame lililojaa mibani, yaani miti ya ubani. Mti wenyewe mfupi, unatoa mashina mengi kutoka chini, na gome lake linachambuka kama karatasi. Wavunaji hulikwaruza kwa kisu maalumu, utomvu mweupe hutoka ukaganda kwenye kidonda siku kadhaa, ndipo hukwanguliwa. Mwanangu wa Pemba aliyekua akiuona ubani kwenye chetezo cha makaa, hapa ataona tone lake likiwa bado lina ulaini. Asilitoe. Kununua ni soko la Haffa, Salalah, ambako muuzaji atakutenganishia daraja zake, na ule mweupe wenye kuelekea kijani ndio ghali.

Kutoka hapo mnakutana na kharifu, na hili linanipendeza kulieleza kwa watu wa kwetu. Upepo unaoleta ukungu ule ni kusi, kusi hii hii inayopiga minazi ya Wete mwezi wa saba. Inavuka ikweta, inapinda, inapiga mwambao wa Dhofar kutoka kusini-magharibi, na kuyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani. Maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yao. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa ikawa ukungu, na milima huuzuia usivuke. Ndiyo maana kati ya tarehe 21 Juni na 21 Septemba upande wa bahari ni kijani kibichi na manyunyu, na nyuma ya mlima, hatua chache tu, ni jangwa linaloungua. Majahazi ya zamani yalikuwa yakiondoka Unguja mwanzoni mwa kusi au mwishoni mwake, kwa kuwa katikati bahari ya Arabuni ilikuwa haiingiliki.

Mteremko wa kuingia Salalah ndiyo sehemu ya hatari zaidi kwa siku ya pili. Gari linatoka kwenye jua kali na kuingia ukungu mzito kwa dakika chache. Washeni taa za chini, si za juu, kwani taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwa dereva. Punguzeni mwendo kabla hamjauingia.

Huko Salalah mtakuta vibanda vya madafu, ndizi na mapapai kando ya barabara, ambavyo wageni wa Ghuba huvipigia picha. Nendeni na bi mkubwa kwenye kaburi la Nabii Imran, lililo ndani ya mji, lenye urefu wa mita thelathini hivi, na la Nabii Ayubu juu mlimani. Mughsail, magharibi ya mji, bahari hutoka kwa matundu ya mwamba: wimbi huingia chini ya jabali la chokaa, hubana hewa na maji, navyo hufyatuka juu. Kusi ndiyo inayoyapandisha. Simameni ndani ya uzio. Mwaka 2022 wageni waliovuka uzio pale walichukuliwa na wimbi, na wengine hawakurudi.

Kuhusu gari, neno moja ambalo madereva wengi wanalikosea. Msipunguze upepo wa matairi kwa kufikiri joto litayapasua. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa ubavuni kila linapozunguka, likajipasha lenyewe, na hilo ndilo linalopasuka. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, na fundi atazame umri wa matairi kabla ya safari, pamoja na lile la akiba. Mafuta msingoje yafike robo. Nusu ikifika, jazeni. Gari likiharibika, kaeni karibu nalo. Polisi ni 9999. Wewe usimpokee kijana usukani, hata akichoka. Omani wanapita kulia, na mkono uliozoea kushoto hukumbuka kwao pale mtu anapostuka. Atafutwe dereva wa pili wa huko huko.

Njia ya pwani, kupitia Duqm na Hasik, ni nzuri kuliko hii na ina bustani ya mawe ya Duqm, miamba iliyochongwa na upepo na maji mpaka imekuwa maumbo ya ajabu. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na mwisho wake wakati wa kusi una ukungu na mawe yanayoporomoka. Iacheni kwa safari ya baridi.

Nije kwa bi mkubwa. Insulini ndiyo iliyonifanya niseme ndege. Joto la juu ya nyuzi 30 huiharibu, na ndani ya gari lililosimama juani Agosti joto hupita hapo kwa mbali, ndani ya dakika chache. Dawa iliyoharibika kwa joto mara nyingi haionyeshi chochote kwa macho, mgonjwa anajipiga sindano na sukari inaendelea kupanda. Tena joto kali hufanya insulini iingie mwilini haraka, kwa hiyo sukari inaweza kushuka ghafla, na mzee anayetokwa jasho na kutetemeka hudhaniwa amechoka tu. Ongeza kukaa saa nyingi miguu ikining'inia. Hata kwenye ndege, dawa asiiweke kwenye begi linalokwenda chini. Aibebe mkononi, kwenye mfuko wa ubaridi, bila kuigusisha barafu, kwani kuganda nako kunaiua.

Kama bi mkubwa atasisitiza kwenda nanyi kwa gari, na wazee wetu wana hiari yao, basi msimamishe kila saa mbili atembee, apimwe sukari kila kituo, maji na kitu kitamu viwe mkononi mwake na si kwenye buti. Akianza kuchanganya maneno, au mwili ukawa wa moto na jasho limekatika, hiyo si ya kungoja kituo kijacho. Mlowesheni maji, washeni kipoza hewa cha gari, na nendeni hospitali iliyo karibu, Nizwa, Haima au Salalah, kutegemea mlipo.

Lakini yote haya yasianze kabla daktari anayemtibu hajamwona, angalau wiki tatu kabla ya safari. Aandike barua yenye majina na vipimo vya dawa, aeleze saa za sindano zitakavyopangwa, apime presha na miguu. Akisema sukari haijatulia, msibishane naye kwa ajili ya tiketi. Safari isogezwe Novemba hadi Februari. Kharifu mtakuwa mmeikosa, lakini kilima, ubani na mashimo havifuati msimu, na hewa ya miezi hiyo bi mkubwa ataiweza hata kwa gari.